Ukitoka Nairobi kwenda kuona wanyama kwa mara ya kwanza, ulale wapi?

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa kwenye matatu, anapaza sauti ili aushinde muziki. Yeye na mumewe wameweka akiba mwaka mzima, wana watoto wawili wa shule ya msingi, na safari hii wanataka kwenda na Mama. Mama ana miaka 71. Amekulia Kibwezi, ambako tembo ni mnyama wa kupigiwa madebe usiku ili asimalize mahindi shambani. Hajawahi kumtazama tembo akiwa ametulia. Mdogo wangu alikuwa na swali moja tu: "Dada, tulale wapi?"

Tuliongea mpaka salio lake likaisha, nikampigia mimi tukaendelea. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa utulivu zaidi, kwa ajili yake na kwa kila mtu wa Nairobi ambaye simba pekee aliowahi kuwaona ni wale wa kituo cha wanyama mayatima pale Lang'ata.

Unacholipia hasa ni alfajiri

Wengi wetu huchagua loji ya porini kama tunavyochagua hoteli ya Mombasa. Tunaangalia picha ya bwawa la kuogelea, kitanda, meza ya chakula, halafu bei. Hata mimi nilianza hivyo. Safari yangu ya kwanza tulilala kwenye loji nzuri iliyo nje ya mbuga, bei nafuu, bwawa la buluu kabisa. Kutoka chumbani hadi getini zilikuwa dakika hamsini za barabara ya mawe. Tulipomaliza chai, tukafika, tukapanga foleni na kulipa, ilikuwa karibu saa tatu na jua limeshapanda. Simba tuliowaona siku hiyo walikuwa mikia miwili chini ya kichaka. Watoto walilifurahia lile bwawa, lakini bwawa wangelipata hata Ruaka.

Simba, chui na fisi hufanya shughuli zao nyingi usiku na kunapopambazuka. Jua likikaza wanatafuta kivuli na kulala mpaka alasiri. Mageti ya mbuga za taifa hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na humo ndani huruhusiwi kuendesha gari usiku. Ukihesabu vizuri, una saa mbili au tatu nzuri asubuhi na mbili nyingine jioni. Aliyelala ndani ya mbuga anazitumia zote. Aliyelala mbali anaziacha barabarani, na jioni inambidi akimbilie geti wakati ule ule wanyama wanapoanza kuinuka. Kwa familia yenye siku mbili za likizo, tofauti hiyo ndiyo safari yenyewe.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliuliza kuhusu loji yoyote ni kama iko ndani au nje ya mbuga. La pili ni maji. Loji iliyojengwa kando ya kinamasi, mto au kidimbwi cha kunywea wanyama hukuletea wanyama mpaka pale ulipoketi, hata saa nane mchana gari likiwa limeegeshwa. Mzee wa miaka sabini hawezi kukaa saa sita kwenye gari linalorukaruka kwenye mashimo, na mtoto wa miaka saba huchoka baada ya pundamilia wa ishirini. Mahali pazuri pa kuketi na kutazama humwokoa kila mmoja.

Kuhusu jengo lenyewe nitasema machache. Kuna loji za mawe, kuna kambi za mahema, na kuna nyumba za kujipikia za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Usiliogope neno hema: hema la kudumu lina kitanda cha kweli, choo cha maji na bafu la maji moto. Linachotofautiana nalo jengo la mawe ni sauti, maana fisi akilia usiku utadhani yuko miguuni pako. Kama katika familia kuna mtu mwenye hofu, mpe ukuta wa mawe safari ya kwanza.

Sasa nazipanga. Mpangilio huu ni wa mtu anayetoka Nairobi, mara yake ya kwanza, ana siku mbili hadi tatu, na amefuatana na watu wa rika mbalimbali.

1. Ndani ya Amboseli: Ol Tukai, au Serena

Hapa ndipo nilipomwambia mdogo wangu aende, na sikusita. Kutoka Nairobi ni kama saa nne. Unashika barabara ya Mombasa hadi Emali, unakata kulia kwenye lami inayoelekea Loitokitok, na ukifika Kimana unaingia barabara ya vumbi hadi getini. Wengine hupitia Namanga. Amboseli ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 392, na sehemu yake kubwa ni uwanda ulio wazi. Kwa mgeni wa mambo haya uwazi huo ni msaada mkubwa, kwa sababu huhitaji jicho la mzoefu. Mnyama akiwa kilomita moja mbele, hata mtoto anamwona kabla ya dereva.

Kinachoifanya Amboseli iwe Amboseli ni maji. Mvua na theluji ya Kilimanjaro hunywewa na miamba ya volkano, maji yanasafiri chini ya ardhi, kisha yanachomoza katikati ya uwanda huu mkavu kama vinamasi. Ndiyo sababu tembo wako hapa hata nchi inapokauka. Wanaingia kinamasini mpaka tumboni, wanang'oa majani mabichi, na nyange weupe wamewapanda migongoni. Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tembo hawa tangu mwaka 1972, kizazi baada ya kizazi, kila mmoja na jina lake. Wameyazoea magari kiasi kwamba familia nzima ya tembo, na watoto wao katikati, itakatiza mbele yako bila haraka. Hicho ndicho nilichotaka Mama akione.

Ol Tukai iko katikati ya mbuga, kwenye miti ya migunga ya manjano. Vyumba vyake vimegawanyika: vingine vinatazama mlima, vingine vinatazama upande wanakopita tembo. Watu hukimbilia vya mlima. Mimi nasema omba vya tembo. Kilimanjaro, pamoja na mita zake 5,895, hujifunika mawingu sehemu kubwa ya mchana na hujitokeza zaidi alfajiri na jioni. Saa hizo utakuwa nje kwenye gari, na utauona kutoka popote mbugani. Saa za mchana ukiwa umepumzika barazani, uwanda wenye tembo una mengi zaidi ya kukupa.

Serena iko upande wa kusini, kando ya kinamasi cha Enkongo Narok, na imejengwa kwa kuiga manyatta. Ni nzuri pia. Zikitofautiana bei, fuata mfuko wako, kwa maana zote mbili zinatimiza yale mawili: ziko ndani, na ziko karibu na maji.

Ubaya upo. Hakuna vifaru Amboseli. Vumbi la kiangazi huingia mpaka kwenye meno, kwa hiyo mwenye pumu abebe dawa yake na leso ya kufunika pua. Tumbili hawana adabu: ukiacha mlango wazi wataondoka na mkate, biskuti na hata dawa. Na loji za ndani si za bei rahisi. Zikikushinda, tafuta iliyo karibu kabisa na geti, kama Kibo Safari Camp iliyo jirani na geti la Kimana, kisha muwe getini kabla halijafunguliwa. Utakuwa umepata sehemu kubwa ya kile wanachokipata wenzako walio ndani.

2. Sweetwaters, Ol Pejeta

Kwa mwenye mtoto anayetaka kumwona kifaru, hii inapanda namba moja. Ol Pejeta iko karibu na Nanyuki, ekari 90,000 katikati ya Mlima Kenya na Aberdare. Ni hifadhi ya kibinafsi, haiko chini ya KWS, hivyo ada zake ni zake na sheria zake pia. Ndiyo maana hapa unaweza kutoka usiku na gari la hifadhi, mmulikaji ameshika taa, mkitafuta simba na wanyama wadogo ambao mchana hawaonekani kabisa. Ni huduma ya kulipia kando. Kama una pesa ya nyongeza moja tu katika safari nzima, iweke hapo.

Vifaru weusi ni wengi mno, na weupe wapo pia. Humo ndimo wanamoishi Najin na Fatu, mama na binti, vifaru wawili wa mwisho duniani wa aina ya weupe wa kaskazini. Dume wa mwisho, Sudan, alifia hapo hapo Machi 2018. Kuwaona kunahitaji nafasi ya kulipia kando, na watu huwa kimya sana pale. Waeleze watoto mapema ni nini wanachokwenda kukiona. Kuna pia makazi ya sokwe waliookolewa kutoka nchi nyingine, maana Kenya haina sokwe wa porini.

Kambi ya Sweetwaters ni ya mahema, imejipanga kuzunguka kidimbwi chenye taa usiku. Unakunywa chai yako, nyati wanakunywa maji yao, umbali wa hatua kadhaa na ua katikati. Mzee anaona mengi bila kuinuka kitini. Eneo liko juu sana, baridi ya usiku ni ya sweta na soksi, na kwa sababu ya mwinuko huo mbu si tatizo kubwa kama Tsavo au Mara.

Kwa nini basi si ya kwanza? Tembo wapo, ila hawajai machoni kama kule Amboseli. Na bei ukijumlisha hema, ada ya hifadhi, gari la usiku na kuwaona kina Najin, hufika mbali.

3. Voi Safari Lodge, kwa treni

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa asiye na gari na asiyetaka kukodi. Unapanda treni ya asubuhi pale Syokimau, ile inayosimama njiani, si ya moja kwa moja. Reli inapita katikati ya Tsavo, kwa hiyo keti dirishani baada ya Mtito Andei, kwa sababu kuna siku tembo huonekana kabla hujafika. Unashuka Voi mchana, loji inakutumia gari ukipanga nao mapema, na baada ya muda mfupi uko ndani ya mbuga.

Loji yenyewe imeng'ang'ania mlimani. Chini yake kuna vidimbwi, na kuanzia hapo uwanda unakwenda mpaka macho yachoke. Tsavo Mashariki peke yake ni kilomita za mraba 13,747, zaidi ya mara thelathini ya Amboseli. Kuna njia ya chini kwa chini inayokushusha mpaka usawa wa kidimbwi, unachungulia kwenye tundu, na mguu wa tembo uko mbele ya uso wako. Watoto hawatoki humo. Tembo wa hapa ni wekundu kwa sababu hujipaka udongo wa Tsavo, na ukiwaona wakishuka mstari mmoja saa kumi jioni hutasahau rangi hiyo.

Lazima niseme ukweli wa upande wa pili. Mbuga ikiwa kubwa hivyo, wanyama wametawanyika, na simba wa Tsavo hawapatikani kwa urahisi. Jengo ni la zamani, usitarajie anasa. Joto ni kali, malaria ipo, kwa hiyo zungumza na daktari au mfamasia kabla ya kuondoka, hasa kwa ajili ya watoto. Mkiamua kuvuka kwenda Tsavo Magharibi kuziona chemchemi za Mzima, acheni nyumbani nguo za buluu na nyeusi. Mbung'o huzifuata rangi hizo, na wakiuma wanauma kweli.

4. Maasai Mara, ukiwa na siku tatu

Najua wengi watashangaa kuiona Mara nafasi ya nne. Kwa wanyama peke yao ni ya kwanza bila ubishi. Hakuna mahali pengine Kenya ambapo ningekuambia kwa ujasiri hivyo kwamba utaona simba, na duma, na kwa bahati kidogo chui. Kati ya Julai na Oktoba nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti husogea, na wengi wao huvuka Mto Mara mbele ya mamba.

Nimeishusha kwa sababu ya siku na shilingi. Barabara ya Nairobi, Mai Mahiu, Narok hadi geti la Sekenani ni kama saa tano au sita, na lami imekuja karibu kabisa na geti. Lakini ukiingia umbali unaanza upya: hifadhi ni kilomita za mraba 1,510, na kutoka Sekenani hadi mtoni kunaweza kukumaliza asubuhi nzima. Mtu wa usiku mbili anafika amechoka, anapata mzunguko mmoja mzima, anageuza. Kaa usiku tatu au ungoje mwaka ujao.

Hapa pia ndipo penye mkanganyiko mkubwa wa majina. Kuna loji na kambi nyingi zenye neno "Mara" ambazo haziko ndani ya hifadhi. Ziko Talek, Sekenani, Ololaimutiek, nje ya geti. Si mbaya, na nyingine zina bei ambayo familia ya kawaida inaiweza. Ila ujue ulichonunua. Uliza geti la karibu ni lipi na ni kilomita ngapi. Ndani kabisa kuna Keekorok, ambayo ni kongwe, ilifunguliwa mwaka 1962, na ina ujia wa mbao wa kwenda kuwatazama viboko. Ng'ambo ya mto, upande wa Mara Triangle, iko Mara Serena juu ya kilima. Kama fedha zinaruhusu na ni msimu wa nyumbu, Serena ndiyo chaguo langu, kwa sababu sehemu za kuvukia ziko karibu, na barabara za upande huo hutunzwa vizuri.

Kisha kuna hifadhi za jamii zinazopakana na Mara, kama Naboisho, Olare Motorogi na Mara North. Ardhi ni ya familia za Wamaasai zinazoikodisha kwa kambi, magari yamewekewa idadi, na usiku mnaruhusiwa kutoka. Ni mahali pazuri mno, lakini bei zake zimepangwa kwa dola. Mwenye kusherehekea miaka ishirini na tano ya ndoa apafikirie.

Mara inasimamiwa na Kaunti ya Narok, si KWS, hivyo ada yake iko kando. Uliza pia saa ya kutoka siku ya mwisho, maana ukichelewa getini unaweza kudaiwa siku nyingine nzima.

5. Nakuru, kwa wikendi moja

Mbuga ya Ziwa Nakuru ni ndogo, kilomita za mraba 188, imezungushiwa ua, na iko saa tatu kutoka mjini ikiwa malori ya Naivasha yamekuhurumia. Vifaru weupe na weusi wapo, twiga wa Rothschild wapo, chui wa migungani wapo. Tembo hawapo.

Sheria yangu ya kulala ndani hapa inalegea. Kwa kuwa mbuga iko mlangoni mwa mji, unaweza kulala hoteli ya kawaida ya Nakuru na ukawa getini mapema kabisa. Sarova Lion Hill na Flamingo Hill ziko ndani kwa anayetaka. Kwa kikundi, sema chama cha kina mama kumi au ukoo mzima, ningeulizia Naishi, nyumba ya KWS ya kujipikia iliyo ndani ya mbuga. Mnabeba unga, sukuma na nyama yenu, mnagawana gharama, na nyati anakuja kuchungulia jikoni.

Anayekuja kwa ajili ya heroe, wale ndege wa waridi, ajue kwamba ziwa limepanda sana tangu mwaka 2010 na kitu, chumvi imepungua, na ndege wengi wamehamia kwingine, hasa Bogoria. Picha ya ukingo mzima wa waridi unayoiona kwenye kalenda ni ya zamani.

Na The Ark?

Iko msituni Aberdare, imejengwa kama safina juu ya kidimbwi chenye chumvi. Huhitaji kuzunguka na gari. Unaketi, unangoja, na usiku kengele inalia chumbani mnyama maalumu akija. Kwa mzee asiyependa gari ni tunu. Kwa watoto wadogo siipendekezi, na kabla ya kuweka nafasi uliza umri wanaoukubali.

Ile mbuga yetu ya Nairobi, ya mwaka 1946, sikuiweka kwenye orodha kwa sababu utalala kwako. Lakini nendeni mwezi mmoja kabla, Jumamosi alfajiri, na watoto na Mama. Mtajua nani anatapika kwenye gari, nani anaogopa, nani anahitaji darubini. Ina simba na vifaru weusi kilomita saba tu kutoka katikati ya jiji, na mafunzo hayo ya nusu siku yatawaokoa mengi.

Namna ya kusoma bei

Simu nyingi za kuulizia loji huishia kwa mshtuko kwa sababu bei iliyosomwa si ile uliyoielewa. Bei karibu zote za porini ni za mtu mmoja aliyelala chumba cha wawili. Ukiambiwa, kwa mfano, shilingi 15,000, na ninyi ni watu wazima watatu, usizidishe kwa tatu ukadhani umemaliza. Wawili watalala pamoja kwa 30,000, lakini Mama akitaka chumba chake atalipa zaidi ya 15,000, kwa sababu anakijaza peke yake. Kumlaza na wajukuu katika chumba cha familia huwa rahisi zaidi, na kwa ninavyomjua atapenda.

Kisha uliza yaliyomo. Milo yote mitatu au miwili? Maji ya kunywa yamo? Kuna gari la loji la kuzungukia wanyama ndani ya bei, au mnakuja na lenu? Tofauti ya loji mbili zinazoonekana sawa mara nyingi imejificha kwenye gari. Na ada ya mbuga karibu kamwe haimo. Hulipwa kwa kila mtu kwa kila siku, kwa mbuga za KWS inalipwa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, wala si kwa pesa taslimu, na viwango vimekuwa vikibadilishwa. Vitazame wewe mwenyewe siku ya kulipa, usitegemee alichokuambia jirani. Lipia nyumbani kabla ya kuondoka ili usihangaike na mtandao getini, na kila mtu mzima abebe kitambulisho chake halisi, la sivyo mtahesabiwa kama wageni.

Sema mapema kwamba ninyi ni raia. Loji nyingi zina bei ya wakazi ambayo hawaitaji usipoiulizia. Aprili na Mei bei hushuka sana kwa sababu ya masika. Ni wakati mzuri wa kuokoa pesa Nakuru au Ol Pejeta, lakini Mara na baadhi ya njia za Amboseli udongo mweusi wa mfinyanzi utalimeza gari lisilo na nguvu za magurudumu manne. Likizo ya Agosti na Krismasi, vyumba vya familia huisha kwanza. Weka nafasi miezi mitatu kabla.

Kuhusu matapeli, kila Novemba huzuka kurasa za mitandaoni zenye picha za loji za kweli na nambari ya simu ya mtu binafsi. Usitume arubuni kwa jina la mtu. Piga simu ya loji iliyo kwenye tovuti yake yenyewe, omba nambari ya nafasi yenye jina lako, na baada ya kulipa piga tena uthibitishe wameiona. Ukipitia kampuni ya safari, uliza kama ni mwanachama wa KATO, chama cha kampuni za safari, na kama ina leseni ya mamlaka ya utalii, TRA. Dereva naye muulize daraja lake la KPSGA, chama cha waongoza safari: shaba, fedha au dhahabu. Dereva mzuri anajua kuzima injini na kungoja, na kwa mtoto anayeuliza maswali hamsini thamani yake inazidi ya chumba.

Mdogo wangu amechukua vyumba viwili Amboseli, upande wa tembo, usiku mbili katikati ya juma kwa sababu siku hizo ni nafuu na mbugani hakuna msongamano. Mama amepelekewa habari. Ameuliza mambo mawili: kama kuna ua wa umeme, na kama tembo wa huko wanajua kwamba yeye ametoka Kibwezi. La kwanza nimempigia simu mtu wa mapokezi, na nimemweleza Mama neno kwa neno alivyonijibu.